Kona ya Nanyuki Ilivyosafiri Ndani ya Tairi

Mmeniuliza mmoja mmoja, wengine kanisani, wengine kwa simu: ilikuwaje tukaenda Nanyuki, mahali ambapo mtu wa Nyeri huenda asubuhi na kurudi mchana, halafu tukarudi siku kadhaa baadaye tumepinda migongo kama watu waliotoka kuchuma chai? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nitaeleza yote mara moja, na pale ambapo mchezo wenyewe utawachanganya nitasimama niwafafanulie. Si mgumu. Ni vile tu hatukuzaliwa nao.

Mchezo ni besiboli. Mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo, na akiupiga anakimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia. Hapo alipoanzia chini pana kipande bapa chenye kona tano, tunakiita pleti. Kona nne ni za kawaida. Ya tano imechongoka na kuelekea nyuma, kwa mdakaji anayechuchumaa hapo, na mistari yote miwili ya uwanja huanzia kwenye ncha hiyo. Shikeni hilo la ncha, mengine yatafuata.

Vyuo vinne vinavyouzunguka Mlima Kenya ndivyo vinavyoshindana: chetu cha Nyeri, cha Embu, cha Meru na cha Nanyuki. Mwalimu mgeni aliyepita huku zamani aliacha magongo na glovu chache, akaenda zake. Wanafunzi waliobaki hawakuwa na pleti, wakakata moja kwenye ubavu wa tairi la lori la mpunga. Pleti hiyo ndiyo tuliyo nayo mpaka leo. Siku ya mechi tunaipaka chokaa juu, na bingwa wa mwaka huigeuza na kuchoma alama yake kwa msumari wa moto. Embu wana nyingi, kwa sababu kulikuwa na miaka ambayo hakuna aliyewaweza. Meru wanazo, sisi tunazo. Nanyuki walikuwa na moja tu, mstari ulionyooka wa ikweta inayopita mjini kwao, uliochomwa kwenye ncha. Ukipitisha vidole chini ya pleti ile, unaipata historia yote ya mashindano bila kuuliza mtu.

Ina desturi zake. Bingwa hukaa nayo mwaka mzima, kisha huipeleka kwa mwenyeji wa mwaka unaofuata kwa kuuzunguka mlima kwa njia ndefu, ili kila chuo kiione. Haiwekwi chini popote isipokuwa uwanjani. Na bingwa asiyefika nayo hachezi.

Mwaka jana tulishinda sisi. Mwaka huu mwenyeji alikuwa Nanyuki, jirani yetu wa karibu kabisa, nasi ilibidi tumwendee kwa kupitia Mwea, Embu na Meru. Mkuu wetu mpya wa chuo aliposikia hivyo alinitazama mimi, kocha, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. "Mwalimu," akasema, "nataka kusikia timu imecheza. Mkirudi mmezunguka tu na hamjacheza, huo uwanja napanda viazi." Hakuwa akitania. Mbegu zilikuwa zimekwisha nunuliwa, ziko stoo, juu ya glovu zetu.

Nyeri hadi Karatina

Tuliondoka kwa mvua ile nyembamba isiyokatika. Gari la chuo mnalijua, lile dogo linalokohoa kabla ya kuwaka. Dereva alikuwa Gachanja, ambaye amelilalamikia kwa wakuu watatu. Kapteni ni Wairimu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mdakaji wetu. Alikaa mbele na pleti mapajani, imefungwa kwa leso ya mama yake. Wengine walilala kabla hatujatoka mjini.

Karatina tulisimama wanafunzi wanunue nduma, yale magimbi ya kuchemsha. Mama mmoja muuzaji alichungulia ndani ya gari akaona magongo.

"Mwalimu, hizi mnauza? Shule yetu iko na sufuria kubwa, mwiko huvunjika kila muhula."

Nikamweleza ni za mchezo, za kupiga mpira.

"Na mnapiga kila siku?"

"La, mama, tunapiga mara mojamoja. Mara nyingi tunakosa."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akatuongezea nduma mbili juu.

Mwea

Tukiwa tumeingia kwenye mashamba ya mpunga, gari likaanza kuvuta upande mmoja. Gachanja akashuka, akarudi akisema neno la Kikuyu ambalo sitaliandika. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni. Spea tuliyokuwa nayo ilikuwa na hali mbaya zaidi. Ilitufikisha tu kwa fundi, kwenye kibanda kilicho kando ya barabara mahali pikipiki zinapogeukia, nayo ikaishia hapo.

Fundi alikuwa Murimi, kijana mtaratibu mwenye mikono iliyopakwa grisi hadi kwenye viwiko. Alilivua tairi, akalilaza juu ya jiwe, akatia kidole kwenye mpasuko.

"Hii inataka geta," akasema.

Geta, kwa msiojua, ni kipande cha tairi kuukuu kinachowekwa ndani, kati ya tyubu na mpasuko, ili tyubu isitokeze nje. Bila geta huendi popote.

"Uko nayo?" Gachanja akauliza.

"Haikosi. Mwende mkule, mkirudi iko tayari."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama anayepika wali wa Mwea wenyewe, ule ambao harufu yake hukufikia kabla ya sahani, pamoja na ndengu. Wairimu aliinuka na pleti yake, akasita. Leso ilikuwa imelowa mvua na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Meza za hoteli zilikuwa zimejaa. Akatazama huku na huku, kisha akaivua leso na kuiweka pleti juu ya lile tairi lililovuliwa, leso kando yake.

"Hapo haigusi chini, Madam," akaniambia.

Nilimwambia vyema, twende tukale. Gachanja akabaki, akalala kwenye usukani.

Tulikula polepole, jinsi watu waliochoka wanavyokula. Tuliporudi tairi lilikuwa limekwisha fungwa, na Murimi akifuta mikono.

"Iko sawa, itawafikisha," akasema. "Hiyo ingine iliyobaki nimewafungia tu kwa leso yenu."

Nilimsikia vizuri. Lakini tumbo limejaa, macho yanafumba, sikuuliza iliyobaki ya nini. Wairimu akalichukua furushi, akalipakata, tukaondoka.

Embu

Chuo cha Embu kilitupokea kama desturi ilivyo. Timu yao yote ilipanga mstari, na kocha wao, Mwalimu Njeru, mtu mrefu anayeongea kwa sauti ya chini, alisimama mbele. Wairimu akafungua leso.

Pleti ilikuwa na kona nne tu, upande wa nyuma umekatwa sawasawa kama mkate.

"Ncha iko wapi?" Njeru akauliza.

Niliona Gachanja akiligeukia gari polepole, akilitazama gurudumu la nyuma. Akatoa simu, akampigia fundi, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Wewe Murimi, geta ulitoa wapi?"

"Si ni ile mliniwekea juu ya tairi?"

"Nani alikuwekea?"

"Sasa mtu akiweka kipande ya tairi juu ya tairi, mimi nijue ni nini? Ni keki?" Tukasikia nyundo ikiwekwa chini. "Ati ilikuwa ya kazi ingine? Na vile iliingia vizuri. Huko mwisho palikuwa pamechongoka, pakakaa sawa kabisa kwa hiyo shimo."

Niwaambie kweli, sikumlaumu. Desturi yetu ilisema pleti isiguse chini, desturi yao mafundi inasema kilichowekwa juu ya kazi ni cha kazi.

Njeru aliichukua pleti, akaigeuza, akapitisha vidole chini yake bila haraka. "Zetu ziko zote. Za Meru ziko. Zenu ziko." Akairudisha mikononi mwa Wairimu. "Ni ya Nanyuki tu haiko. Na ndiko mnaenda."

"Tukiitoa sasa hivi?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Utoe na ubebe gari kwa kichwa," Gachanja akamjibu.

Njeru alinivuta kando. "Mpigie Halima kabla hujafika. Asisikie kwa watu. Ule mstari ni yeye alichoma na mkono yake."

Hilo nililijua. Mwalimu Halima ndiye kocha wa Nanyuki, na ndiye aliyekuwa mrushaji mwaka ule wa ubingwa wao mmoja. Na kwa kuwa ni mwenyeji, neno la nani acheze na nani asicheze lilikuwa lake. Nilimpigia nikiwa nimesimama nyuma ya jiko lao, nikamweleza yote bila kupunguza.

"Njooni," akasema, akakata.

Embu hadi Meru

Barabara ya Embu kwenda Meru inashuka mtoni na kupanda, inashuka na kupanda, na kila daraja lina kona yake. Gachanja aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Sijui alikuwa akiogopa tairi kupasuka au kilichomo ndani.

"Pole pole, Mzee," sauti ikatoka nyuma, "unakanyaga ubingwa wa watu."

Wachache wakacheka, kisha wakaona aibu.

Chuka tulinunua ndizi mbivu, tukala ndani ya gari. Mgongo wangu ulikuwa umekataa kiti. Nilishuka, nikatembea kando ya gari kwa muda huku injini ikipoa, na Wairimu akaja nyuma yangu.

"Madam, wakituzuia kucheza, mkuu atapanda viazi?"

"Amesema atapanda."

"Mimi namaliza mwaka huu. Hawa wa mwaka wa kwanza ndio watapata shamba." Alikuwa ameishika pleti kifuani kwa mikono yote miwili. "Niliiweka pale ili nisivunje desturi."

Nikamwambia nilichoamini, na bado nakiamini: kwamba aliyekuwa anaijali sana ile pleti kwenye kibanda kile alikuwa yeye, na kama angeitupa tu kwenye kiti ingekuwa nzima. Hilo halikumfariji. Nikamwambia basi ale ndizi moja zaidi. Akala.

Meru walitulaza kwenye darasa, magodoro sakafuni, na kabla ya kulala wakatupa githeri ya moto, mahindi na maharage yenye viazi. Hakuna wa timu yetu aliyevigusa vile viazi, ila Gachanja.

Meru hadi Nanyuki

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya Timau inayoingia kwenye meno. Timu ya Meru ilikuwa nyuma yetu kwa basi lao, la Embu lilikuwa limetangulia. Karibu na Nanyuki tulisimamishwa pamoja na magari mengine, msafara wa malori ya jeshi la kigeni linalofanya mazoezi huko ulikuwa ukipita, na ulikuwa mrefu. Tukasubiri. Askari mmoja aliyekuwa akizuia magari aliona glovu dirishani, akaja kutuuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza. Akatuambia kwao wana mchezo unaofanana na huu, ila unachukua siku nzima, nao hupumzika katikati wakanywa chai.

"Hao ndio watu," akasema Gachanja, na kwa mara ya kwanza tangu Embu gari zima likacheka.

Nanyuki

Halima alikuwa amesimama langoni. Ni mwanamke mfupi, mtoto wa wauza ng'ombe wa mji ule, mtandio wake umefungwa imara kama wa mtu anayetaka kufanya kazi. Timu yake yote ilikuwa nyuma yake. Nilimsalimu, akaitikia, hakutabasamu.

"Ni gurudumu gani?"

Gachanja akamwonyesha.

"Toa."

Fundi wa jirani aliitwa. Kazi ile mnaiona kila siku barabarani na haichukui muda, lakini timu nne zikiwa zimesimama zinatazama, niliona ni ndefu kuliko barabara yote tuliyopita. Tyubu ikatoka, kisha ncha. Ilikuwa imejikunja kidogo, imelainika kwa joto na msuguano. Halima akaigeuza, akapitisha kidole gumba mahali pa mstari. Akapitisha tena.

"Haiko," akasema.

Wairimu akasogea mbele. "Mwalimu, ni mimi niliweka pleti juu ya tairi. Tunaweza tafuta msumari, tuchome tena. Hata sasa."

"Wewe ulicheza hiyo fainali?"

"La, Mwalimu."

"Basi utachomaje?"

"Wewe ulicheza," akasema mmoja wa wanafunzi wa Halima mwenyewe, taratibu. "Choma wewe."

Halima alikaa kwenye ukingo wa ngazi ya gari letu, ncha mkononi. Nilidhani anatafuta maneno ya kutufukuza. Badala yake akaanza kuwasimulia wanafunzi wake, na inaelekea hakuwa amewahi kuwasimulia. Kwamba fainali ile ilichezwa Meru, dhidi ya Embu wakati ule Embu walipokuwa Embu. Kwamba Nanyuki walikuwa tisa tu, bila wa akiba, na mmoja anachechemea. Kwamba mpira wao wa mwisho ulishonwa na fundi wa viatu, na mvua ilipoanza ukafumuka.

"Uzi ulikuwa unaning'inia hivi," akasema, akionyesha kwa kidole. "Nikarusha hivyo hivyo. Yule mpigaji akaangalia uzi, hakuangalia mpira."

Mwalimu Njeru akakohoa. "Alikuwa ni mimi," akasema.

Hapo watu walicheka, hata Halima, lakini kicheko chake hakikudumu. "Sikuichoma mimi peke yangu. Msumari tulishika wote tisa, mmoja juu ya mwingine. Mmoja amefariki, wengine sijui wako wapi. Kwa hivyo mimi peke yangu sichomi."

Nikamwuliza basi tufanye nini. Nilimwambia wazi na la viazi, kwa sababu nilikuwa nimechoka mno kuficha kitu. Nikamwambia anaweza kutuzuia na hakuna atakayesema amekosea.

Kisha akainuka, akaenda uwanjani, nasi tukamfuata. Wairimu aliilaza pleti mahali pake. Halima akapiga magoti, akaisukuma ncha hadi ikashikana na sehemu iliyokatwa, akaipaka chokaa kwa kiganja.

"Bingwa amefika na pleti," akasema. "Iko vipande viwili, lakini imefika. Chezeni."

Tulicheza. Nitawaambia matokeo kwa ufupi, kwa kuwa hayana utamu: Embu walitutoa katika mechi yetu ya kwanza, na ubingwa ukaenda Meru. Miguu yetu ilikuwa bado ndani ya gari. Kila mkimbiaji alipopita kwenye pleti ncha ilisogea, na kila mara Wairimu, ambaye alichuchumaa nyuma yake hata katika mechi zisizo zetu, aliirudisha kwa mkono. Wapigaji wa timu zote walimsubiri bila kuambiwa.

Jioni Meru walichoma alama yao kwenye pleti, wakaichukua. Hawakuichukua ncha, walisema hiyo ni ya Nanyuki kuamua. Gari letu lilikuwa limesimama pale pale, tairi limevuliwa, na fundi wa Nanyuki hakuwa na kipande kinachofaa ule mpasuko. Halima alileta ncha yeye mwenyewe, akampa fundi.

"Rudisha ndani. Iliingia vizuri, si mlisema? Iwafikishe nyumbani." Akanigeukia mimi. "Lakini si yenu, Mwalimu mwenzangu. Mwaka ujao mashindano ni Embu. Meru watakuja na pleti yao, nyinyi mtakuja na kona yangu. Mkizunguka mlima. Mimi nitawatafuta wale wenzangu, nione nani anaweza fika, tushike msumari pamoja."

"Na kama chuo kimevunja timu?"

"Chuo kiko na kitu ya watu, kitavunjaje timu? Nipe namba ya mkuu wako."

Nyumbani

Njia ya mkato kutoka Nanyuki haitoshi hata kulala vizuri. Tuliingia Nyeri, wanafunzi wakashuka, wakaburuta mabegi hadi mabwenini.

Asubuhi mkuu wa chuo alitufuata kwenye maegesho. Simu ya Halima ilikuwa imemfikia kabla yetu, na sijui alimwambia nini. Alilizunguka gari mara moja, akasimama kwa nyuma.

"Ni hili?"

"Ndilo," nikasema. Nikamweleza pole pole, kama nilivyowaeleza nyinyi: pleti, ncha, mstari, wale tisa na msumari mmoja. Hakunikatiza. Aliligusa tairi kwa ncha ya kiatu, kisha akauondoa mguu haraka.

"Huyo mama wa Nanyuki hana mzaha," akasema.

"Kwa kona hiyo, hana."

Akamwambia Gachanja anunue tairi jipya. Hili livuliwe, geta libaki ndani, lifungiwe stoo hadi mwaka ujao.

"Stoo imejaa, bwana mkuu," Gachanja akasema. "Kuna zile mbegu za viazi."

Mkuu alitazama upande wa uwanja kwa muda. Wairimu alikuwa huko, peke yake, akiokota mawe.

"Zitoeni," akasema. "Peleka jikoni, zipikwe."